Sheria za Biashara Hazimfanyi Mtu Wakili

Mzazi mmoja aliwahi kuniuliza ni lini bintiye, aliyekuwa akisomea usimamizi na sheria za biashara katika chuo kikuu, angevaa joho la mahakamani. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili kwa matumaini hayo. Nilisita kumjibu, maana kwa shahada ile pekee, siku hiyo haingefika.

Uwakili nchini una njia yake. Mtu husomea shahada ya sheria, akajiunga na Chuo cha Mafunzo ya Sheria cha Kenya, akafanya mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, kisha akawa mwanagenzi kwa miezi sita chini ya wakili mwenye tajriba. Somo la sheria za biashara, hata lipasiwe vipi, halishiki nafasi ya hayo.

Je, binti huyo alipoteza wakati wake? La hasha! Sheria ya Makampuni ya 2015 inataka kila kampuni ya kibinafsi yenye mtaji uliolipiwa wa shilingi milioni 5 au zaidi iwe na katibu. Huyu si mpiga chapa. Ndiye mtunza kumbukumbu za kampuni na mshauri wa wakurugenzi kuhusu sheria. Lakini hapa pia shahada haitoshi. Sharti apite mitihani ya KASNEB, bodi iliyoundwa mwaka wa 1969.

Aidha, si lazima aajiriwe. Zamani kampuni ya kibinafsi ilihitaji watu wawili au zaidi. Leo mtu mmoja anaweza kuiunda. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 nayo imewatengea vijana, wanawake na walemavu angalau asilimia 30 ya zabuni za serikali. Ni nani atakayefaidika kuliko kijana anayejua kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi?

Walimu wenzangu, tusiwaachie wanafunzi wachague kozi kwa uzuri wa jina. Tuwaambie mapema kila shahada inafungua mlango upi, na ni mtihani gani mwingine unaowangoja kizingitini. Nanyi wanafunzi, ulizeni kabla ya karo kulipwa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na ng'ombe aliyekwisha kuuzwa harudi zizini.