Je, Wajua? Mchungwa wa Sandukuni Hufikisha Miaka 200

Katika Kasri la Versailles, Ufaransa, baadhi ya michungwa inayoishi ndani ya masanduku ya mbao ina umri wa zaidi ya miaka 200. Wakati wa joto hupangwa nje bustanini. Baridi ikikaribia, huingizwa katika jumba la mawe lililojengwa kati ya 1684 na 1686. Jumba hilo huhifadhi miti zaidi ya 1,000 ya masandukuni, ikiwemo milimau na mikomamanga.

• Pande za masanduku hayo hufunguka. Mtunza bustani hupunguza mizizi iliyojisokota na kuweka udongo mpya bila kuung'oa mti.

• Chombo hudhibiti kimo. Mizizi ikikosa nafasi, matawi nayo hupunguza kasi ya kukua. Mtini hunufaika zaidi: mizizi ikibanwa, majani hupungua na matunda huongezeka.

• Mlimau uliobebeshwa huweza kuzaa katika mwaka wa pili au wa tatu, hata ukiwa ndani ya ndoo. Uliooteshwa kwa mbegu huweza kuchukua miaka mitano au zaidi. Siri ni kikonyo, yaani kitawi kinachobebeshwa juu ya mche: hukatwa kwenye mti uliokwisha komaa.

• Mti wa chunguni huona njaa upesi. Kila unapomwagiliwa, sehemu ya virutubisho hutoka na maji kupitia matundu ya chini, hivyo huhitaji mbolea mara kwa mara. Matundu yenyewe hayazibwi. Maji yakituama, mizizi hukosa hewa na kuoza.