Ua wa matete uliompa kila mtu mahali pake

Ngome za zama za kati zilimchosha mgeni kabla hajamwona mwenyeji. Huko Krak des Chevaliers, nchini Siria, njia ya kuingilia ilipanda gizani na kupindapinda chini ya matundu ya walinzi. Kwenye nchi za Maziwa Makuu kazi hiyo ilifanywa kwa matete na nyasi, na pengine kwa ustadi zaidi: ua wa matete haumzuii askari, lakini humzuia vizuri sana raia anayejua cheo chake.

Buganda, ufalme ulio katika Uganda ya leo, ni mfano mzuri. Makao ya Kabaka, yaani mfalme, yalikaa kilimani, barabara pana zikishuka kuelekea majimboni, na kila chifu mkuu alipewa kiwanja upande wa jimbo lake. Aliyetembea mjini alitembea juu ya ramani ya nchi nzima.

Kungojeshwa nako kulikuwa na maana yake. Februari 1862, Mwingereza John Hanning Speke aliambiwa akae chini, juani, hadi Kabaka Mutesa I amwite. Akakataa, akarudi kibandani. Wajumbe walimfuata wakamruhusu aje na kiti chake. Mahali ambapo kiti kilikuwa haki ya mfalme peke yake, kigoda kile cha chuma kilikuwa madai makubwa.

Mpangilio huo bado unaonekana Kasubi, Kampala, kwenye jumba alilojenga Mutesa mwaka 1882 na kuzikwa humo 1884. Mgeni hupitia Bujjabukula, nyumba ya walinzi wa mlangoni, kisha ua mdogo wenye nyumba ya ngoma, ndipo uwanja mkubwa ufunguke mbele ya Muzibu-Azaala-Mpanga, jumba lenyewe. Ndani, paa la nyasi lina pete 52, idadi ya koo za Baganda. Anayeketi hapo ameketi chini ya koo zote. Pazia la kitambaa cha magome humzuia mgeni asiendelee. Nyuma ya pazia kuna Kibira, msitu mtakatifu walimozikwa makabaka wanne, na mgeni haendi huko. Moto wa tarehe 16 Machi 2010 uliteketeza jumba hilo. Likajengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO ikayaondoa makaburi ya Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Huko Mengo, pia mjini Kampala, barabara iliyonyooka inaunganisha Bulange, jengo la bunge la Buganda, na ikulu ya Lubiri. Njiani kuna mzunguko wenye geti katikati. Magari yote huuzunguka. Geti hufunguliwa Kabaka anapopita, naye hunyoosha moja kwa moja.