Walinzi wa Mayai ya Kasa Kisiwani Misali

Magharibi ya Pemba, upande wa Chake Chake, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Misali. Wazee husimulia kuwa Nabii Hadhara alifika hapo, akataka mswala usipatikane; akasema kisiwa chenyewe, kwa kuwa chaelekea Kibla, kitakuwa mithili ya mswala. Ndiyo asili ya jina lake. Hakina maji matamu, kwa hivyo hakina kijiji; wavuvi hupiga dago kwa msimu, kisha hurejea makwao. Mwaka 1998 kilifanywa hifadhi, na mwaka 2005 kikaingizwa katika hifadhi kubwa ya Mkondo wa Pemba.

Huko hupanda kasa na ng'amba kutaga. Mama hufukua shimo, huweka mayai 100 na zaidi, hulifukia, akarudi baharini, wanawe hatawaona.

Basi ulinzi hubaki juu ya mwanadamu. Mwenye kujitolea kwa kazi hii hutembea ufukweni usiku bila ya taa, kwani mwanga humrudisha kasa majini kabla hajataga. Amwonapo, hukaa mbali mpaka amalize, kisha hutia alama na kuandika tarehe. Shimo likiwa mahali yafikapo maji ya bamvua, mayai huhamishwa. Lakini katika saa chache za mwanzo, tena bila ya kugeuzwa. Baadaye mtoto hushikamana na ganda, na kumgeuza ni kumwua. Kisha huhesabiwa siku, 60 hivi. Vifaranga watokapo hufuata penye mwangaza, nao usiku hudhani ndiko baharini. Taa moja ya dagoni yatosha kuwapoteza wote.

Kifaranga huyo hatarudi kutaga kabla ya miaka 20, na pengine 30 na zaidi. Mlinzi wa umri wangu hafanyi kazi hii kwa kutaraji kumwona.

Wengi wetu hudhani kujitolea ni shughuli ya wageni wanaokuja kwa ndege. Mimi naona aliyejitolea zaidi ni mvuvi wa dagoni, ambaye yai na nyama ya kasa kwake ni chakula cha watoto. Makatazo ya serikali peke yake hayakumtosha. Aliposomeshwa kwa Qurani khabari ya ukhalifa wa mwanadamu katika ardhi, na ubaya wa israfu, jambo lilimwingia. Huyo hapewi cheti. Huzima taa yake mapema, na alfajiri akikuta alama za kasa mchangani, huenda kumwita mlinzi.