Majani mabichi wakati wa kiangazi: kwa nini swala wa Tabora wanafuata moto

Haya wadau, leo tunaiacha siasa kidogo, twende porini. Kuna jamaa kaniuliza: kwenye video za wawindaji wa Marekani anaona watu wanalima, wanapanda, halafu hawavuni. Wanapanda juu ya mti na bunduki, wanakaa kimya. Hivi wale wana akili timamu kweli?

Wanayo, tena nyingi. Mwezi wa nane na wa tisa wanapanda ngano, shayiri, klova na tanipu. Ikifika Novemba msitu umekauka, kile kishamba ndiyo kijani pekee kilichobaki. Majani ya tanipu yakipigwa na baridi kali yanakuwa matamu zaidi, basi wanyama wanakuja wenyewe. Yaani siri yote ni muda: weka chakula kibichi pale ambapo kwingine kimeisha.

Mnyama wao yule mwenye pembe za matawi, ambaye Biblia yetu inamwita ayala, kwetu hayupo. Afrika nzima wa asili yuko kaskazini tu, kwenye misitu ya Algeria na Tunisia. Wanaotafsiri filamu wanamwita kulungu, lakini kulungu wetu ni jamii ya swala. Huku Tabora tuna kulungu, nsya, taya, tohe, kongoni, na wale wakubwa, korongo na palahala.

Sasa mababu zetu wa Unyamwezi waliijua siri hiyo hiyo, ila hawakuhitaji jembe. Walitumia moto.

Mvua za kwetu zinaanza kama Novemba na kuisha Aprili. Kufikia Agosti nyasi za porini zimekuwa ndefu, kavu, ngumu kama makuti. Ng'ombe mwenyewe anazitazama tu. Lakini chini ya ardhi mizizi iko hai na ina akiba. Ukichoma, hasa kwenye mbuga (siyo mbuga ya watalii, nasema bonde lile la udongo mweusi unaoshika maji), baada ya wiki moja au mbili vinachipua vijani vifupi, laini, vyenye protini nyingi kuliko yale majani makuu. Hata tone la mvua halijadondoka! Swala wanasikia harufu, wanakusanyika. Mwindaji anajua pa kukaa.

Historia nayo ipo. Karibu miezi hiyo ya ukame mwaka 1871, Stanley alitoka Kwihara kwenda Ujiji kumtafuta Livingstone. Njia ya kawaida ya misafara ilikuwa imefungwa na vita vya Mirambo, akazunguka kusini. Mwanzoni mwa Oktoba akapiga kambi mtoni Gombe, wakawinda, watu wakala nyama mpaka wakasahau safari. Alipowaambia waondoke, wapagazi waligoma, nusura watoane roho. Mi nawaelewa kabisa. Mtu kabeba mzigo juani wiki nzima, unamtoa kwenye nyama?

Tatizo ni kwamba moto haujui mipaka. Ukichoma Mei au Juni, nyasi bado zina unyevu, moto unatambaa polepole, unaacha viraka, miti haiumii sana. Ukichoma Septemba au Oktoba ni balaa. Kila kitu kimekauka, upepo upo, na ndo wakati mtundu na miombo mingine inatoa majani mapya na maua kabla ya mvua. Moto unaramba miche, unaunguza maua, unapanda mpaka kwenye mizinga. Mizinga mingi ya huku ni ya magome, inaning'inia mtini. Mzee mmoja mrina asali wa Sikonge aliniambia moto wa usiku mmoja ulimmalizia mizinga aliyoitegemea kwa ada ya watoto. Aliyewasha alikuwa anatafuta nsya wawili watatu. Hesabu hiyo mimi inanishinda.

Na sheria je? Sheria ya Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inataka leseni, na inakataza kuwinda kwa moto, mitego ya waya, mashimo na sumu. Ule waya unaotegwa kuzunguka majani machanga hauchagui, unakamata hata ndama wa jirani. Ugalla, palipokuwa pori la akiba, tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, kwa hiyo huko usijaribu kabisa kusema ulipotea njia. Mwenye hamu ya kitoweo asubiri bucha: kanuni za kuuza nyamapori kihalali zilitoka 2020.

Cha ajabu, wengi wetu tunapanda shamba la Kimarekani bila kujua. Kunde za Februari au Machi zinabaki kijani mwezi wa tano pori likianza kunyauka. Matembele ya bondeni ndo kabisa, yanakaa mabichi mpaka kiangazi kikali. Nsya anakuja usiku, anakula ncha changa tu, asubuhi unamlaumu mbuzi wa jirani. Angalia nyayo kabla hujaenda kugombana: za nsya ni ndogo, zimechongoka mbele. Ukiweza, panda kunde karibu na nyumba na mbwa, mahindi yawe upande wa pori. Ua wa miiba unasaidia kwa mbuzi, lakini nsya anapenya chini na kulungu anaruka juu.