Povu la Maziwa: Mvuke, Hewa na Msamiati wa Jiko la Pwani

Unywaji wa kahawa katika Mombasa ni mazoea ya kale. Kahawa inayouzwa barazani huko Likoni, Kisauni na Changamwe huchemshwa katika dele juu ya makaa, hutiwa tangawizi, na kunywewa katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Ni kahawa chungu, au kahawa tungu kama wasemavyo Wamvita, na ndani yake hamna maziwa. Maziwa, kwa desturi ya jiko la Pwani, ni ya chai. Kwa hivyo, mashine ya espreso inapoingia nyumbani huleta jambo geni: kahawa iliyofunikwa kwa povu la maziwa. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi povu hilo linavyopatikana, na papo hapo kuonyesha kuwa maneno ya kulieleza tayari yamo katika Kiswahili.

Asili ya mashine hii ni Italia. Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milano aliomba hataza ya mashine iliyotumia nguvu ya mvuke kupitisha maji katika kahawa ya unga. Mashine nyingi za nyumbani za leo husukuma maji hayo kwa pampu, nao mvuke umebakishiwa kazi ya maziwa. Mvuke huo hutoka katika mrija mwembamba ulio ubavuni mwa mashine. Anayeutumia kwa mara ya kwanza aghalabu huuzamisha mrija hadi chini ya jagi akidhani kuwa mvuke ndio utakaogeuka povu. Maziwa hunguruma, hupata moto, na povu halipatikani.

Chanzo cha kosa hili kinafahamika vyema na kila mpishi wa chai, ingawa huenda hajapata kukitolea maelezo. Maziwa yakiwa motoni katika sufuria hufura, na yasipoangaliwa hufurika. Moto ukipunguzwa, hutua mara moja. Hii ni kwa sababu mapovu ya maziwa yanayofura yamejaa mvuke, na mvuke ukipoa hurudi kuwa maji. Hewa haina tabia hiyo. Ikishaingia katika maziwa kwa vipovu vidogo vidogo, protini za maziwa huvizunguka vipovu hivyo kama ngozi na kuvizuia visipasuke upesi. Kwa mintarafu hii, mvuke wa mashine una kazi mbili tu: kuyapasha maziwa moto na kuyasukuma. Povu lenyewe ni hewa iliyovutwa kutoka juu ya maziwa.

Maelezo hayo yakieleweka, hatua za kazi hujieleza. Kwanza, maziwa yawe baridi, yaliyotoka katika jokofu, ili kuwe na muda wa kutosha kabla hayajapata moto. Jagi la chuma lijazwe nusu. Mrija ufunguliwe kidogo nje ya jagi ili utoe maji yaliyosalia ndani yake. Pili, ncha ya mrija iwekwe chini kidogo tu ya uso wa maziwa. Mlio unaotakiwa ni kama wa karatasi inayochanwa, nao ni ishara kuwa hewa inaingia. Tatu, jagi linapoanza kuwa vuguvugu mkononi, ncha izamishwe kidogo zaidi na jagi liinamishwe, ili maziwa yazunguke kwa kasi. Mzunguko huo huyavunja mapovu makubwa na kuyasambaza madogo. Mvuke ufungwe maziwa yanapofikia nyuzijoto 60 hadi 65 za Selsiasi, yaani pale kiganja kinaposhindwa kuendelea kulishika jagi. Yakizidi 70, ladha yake huharibika. Mwisho, mrija ufutwe papo hapo kwa kitambaa chenye maji kabla maziwa hayajagandia.

Hatua ya tatu ina jina la kale. Kupekecha ni kuzungusha kijiti baina ya viganja, kama afanyavyo atafutaye moto kwa vijiti au mpishi anayevuruga kitu chungunı. Mrija wa mvuke huyapekecha maziwa bila kijiti. Ndiyo maana asiye na mashine anaweza kuyapasha maziwa bila kuyachemsha, kisha akayapekecha kwa mkono. Povu litapatikana, ijapokuwa halitakuwa laini sana.

Aidha, hali ya maziwa yenyewe ina uzito, hasa katika joto la Mombasa. Maziwa mabichi ya kununuliwa kwa wachuuzi hayana budi kuchemshwa kwanza kwa ajili ya usalama, kisha yapozwe kabisa kabla ya kutiwa povu. Maziwa yaliyokaa sana, hata kama hayajachacha, huenda yakakataa kushika povu, kwani mafuta yake yameanza kuvunjika. Maziwa yaliyopunguzwa mafuta hutoa povu jingi lakini kavu. Yenye mafuta kamili hutoa povu zito na tamu zaidi.

Kuna wanaodai kuwa teknolojia ya aina hii haielezeki kwa Kiswahili bila kuazima msamiati wote. Ni kweli kuwa majina kama espreso na kapuchino yameazimwa, kama vile neno kahawa lenyewe lilivyotoka katika Kiarabu. Hata hivyo, jina la kitu ni jambo moja, na maelezo ya utendaji wake ni jambo jingine. Kijana aliyefunzwa kazi hotelini akisema tu kuwa 'anastimu maziwa', hana la kumwambia mamake povu linapokataa. Akitofautisha kufura na kupekecha, mvuke na hewa, mama ataelewa, na huenda akamsahihisha. Wanafunzi wa Kiswahili wanaokusanya istilahi za sayansi wangefanya vyema kuanzia jikoni, ambako tofauti kati ya maneno haya hutumika kila asubuhi.