Nyuki Bustanini, Malenge Sahanini

Leo tunazungumzia nyuki na chakula cha mtoto wako.

Akina mama wengi huuliza: "Mbona malenge yangu yana maua mengi, lakini vitunda vinageuka manjano na kuanguka?" Mara nyingi ni kwa sababu nyuki hawakufika. Mmea wa malenge una maua ya aina mbili. Ua dume lina unga wa manjano ndani, yaani chavua. Ua jike lina kitunda kidogo nyuma yake. Chavua ya malenge ni nzito na inanata, upepo hauibebi. Nyuki ndiye huipeleka. Tena ua hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri. Nafasi ni asubuhi hiyo moja tu.

Hili linahusu afya vipi? Malenge yenye nyama ya rangi ya chungwa humpa mtoto vitamini A, inayolinda macho na kumsaidia kupigana na magonjwa. Akitimiza miezi 6, mpe malenge yaliyopondwa pamoja na mafuta kidogo ya kupikia, ili mwili uipokee vizuri vitamini hiyo. Hata hivyo, endelea kumpeleka kliniki apate vitamini A kila miezi 6 hadi afikishe miaka 5.

Sasa ufanye nini?

Kwanza, usinyunyize dawa ya wadudu asubuhi maua yakiwa wazi. Ikibidi, nyunyiza jioni, watoto wakiwa mbali, na usichume mboga kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa kuisha. Chupa hiyo isitiwe maji wala maziwa kamwe.

Pili, acha dania na sukuma wiki chache zitoe maua.

Tatu, weka sahani ya maji yenye vijiwe ili nyuki wanywe bila kuzama. Badilisha maji kila siku, mbu wasizaliane.

Nyuki wakikosekana, chuma ua dume asubuhi na upake chavua yake katikati ya ua jike.

Mtoto akidungwa na nyuki, toa mwiba haraka, osha kwa sabuni, weka kitambaa chenye maji baridi. Akivimba uso au kupumua kwa shida, mkimbize hospitalini. Na asali, usimpe mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1.

Mama, kesho asubuhi pitia bustanini uhesabu nyuki walio kwenye maua. Hao ni wasaidizi wako.