Ndege Ndogo Itue Wapi?

Somo letu la leo ni habari ya ndege ndogo, ile yenye injini moja na viti sita, ambayo wazee wengine bado huiita eropleni. Hatujifunzi kuirusha. Tunataka kujua rubani anavyochagua kiwanja cha kuchukulia abiria, na kwa nini mara nyingine hukataa kiwanja kilicho karibu. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: RUBANI, UZITO, MWINUKO.

Katika nchi ya Buha kuna viwanja vitatu tutakavyovitaja. Cha kwanza ni Kibondo, juu milimani, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Cha pili ni Kasulu, chini kidogo ya hapo. Hivi viwili havina lami. Cha tatu ni Kigoma, karibu na ziwa. Maji ya Ziwa Tanganyika yako kwenye mwinuko wa kama mita 770 tu, na kiwanja kiko juu kidogo ya ziwa. Kigoma kuna lami, na hata ndege kubwa za abiria kutoka Dar es Salaam hutua hapo.

Kazi ya kuchukua wagonjwa kwa ndege ndogo si ngeni kwetu. Mwaka 1957 madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege katika Afrika Mashariki. Baadaye, wakimbizi wa Burundi na Kongo walipoingia kwa wingi katika wilaya za Kibondo na Kasulu, ndege ndogo za misaada zikawa jambo la kawaida huko.

Sasa tuseme yuko mama mjamzito Kibondo. Hali yake si nzuri, lakini anaweza kuketi. Daktari anasema apelekwe hospitali ya Bugando, Mwanza. Kwa ndege, kutoka Kibondo hadi Mwanza ni chini ya kilometa 300. Pamoja na mama huyu watakwenda mume wake, muuguzi, mama mkwe, na shangazi yake. Hao ni watu watano, na rubani ni wa sita. Viti ni sita. Basi kila mtu anadhani mambo yamekwisha.

Rubani anafika saa 8 mchana. Anatazama majani ya kiwanja, ambayo yamelowa mvua. Kisha anasema, "Samahanini, wawili watabaki." Mama mkwe anakasirika. Anauliza, "Viti si vipo?"

Mama mkwe amehesabu viti. Rubani amehesabu kilo. Na sisi tuhesabu. Ndege yetu, pamoja na vyote vilivyomo, isizidi kilo 1,630 inapoondoka. Ndege tupu ina kilo 1,030. Zinabaki 600. Rubani ana kilo 75. Mafuta ya kwenda na ya akiba ni kilo 110, maana viwanja vidogo vya udongo havina pampu, na rubani hubeba mafuta yake toka atokako. Zinabaki 415. Abiria watano wa kilo 70 kila mmoja ni 350. Zinabaki 65 za mizigo. Basi ndege imejaa sawasawa, haikuzidi. Mama mkwe ana haki ya kuuliza.

Jibu liko katika neno la tatu ubaoni, yaani mwinuko. Bawa la ndege hubebwa na hewa, kama mtumbwi unavyobebwa na maji ya Malagarasi. Lakini hewa ya milimani ni nyepesi. Ukichukua madebe 100 ya hewa ya Kibondo, uzito wake ni sawa na madebe 86 tu ya hewa ya pwani. Na joto huipunguza tena: siku ya digrii 30 itakuwa kama madebe 79. Injini nayo huvuta pumzi kwa hewa hiyo hiyo. Mtu wa pwani akipanda milima ya Manyovu hutweta, na injini hutweta vilevile. Kwa hiyo ndege hukimbia mbali zaidi chini kabla ya kuinuka.

Mbali kiasi gani? Kila ndege ina kitabu chake chenye majedwali, na rubani hukisoma hicho. Lakini iko kanuni ya kukadiria ambayo marubani wa ndege ndogo huijua. Kwa kila mita 300 za mwinuko, ongeza sehemu moja ya kumi. Joto likipanda digrii 10, ongeza moja ya kumi tena. Majani mafupi yakiwa makavu, ongeza mbili za kumi. Yakiwa yamelowa, ongeza tatu za kumi.

Chukueni kalamu. Ndege inahitaji mita 400 pwani. Kibondo, kwa mita 1,500, inahitaji 600. Hiyo ni kwa baridi ya asubuhi. Mchana joto limepanda digrii 10, inakuwa 660. Majani yamelowa, inakuwa 858. Tuseme kiwanja kina mita 1,000. Mtu atasema, "Kinatosha!" Kinatosha katika daftari. Lakini rubani mwenye busara huongeza akiba ya theluthi moja, kwa sababu injini huchakaa, upepo hugeuka, na mbuzi hawasomi kitabu cha ndege. Theluthi ya 858 ni 286. Jumla ni mita 1,144, na kiwanja hakina mita hizo.

Hapo uzito unatusaidia. Uzito ukipungua sehemu moja ya kumi, yaani kilo 163, ndege itahitaji mita 715 badala ya 858. Ongeza theluthi: inakuwa 953. Sasa inaingia! Na kilo 163 ni nani? Ni mama mkwe, ni shangazi, na ni debe la asali lililokuwa zawadi ya wenyeji wa Mwanza. Debe hilo likijaa lina kama kilo 28, maana asali ni nzito kuliko maji.

Jambo moja huwashangaza watu wengi. Ndege inaweza kutua mahali ambapo haiwezi kuondoka na mzigo ule ule. Inapotua, mafuta mengine yamekwisha, na breki zinaisaidia. Inapoondoka hutegemea injini na hewa peke yake. Kwa hiyo abiria asishangae akiambiwa, "Nilikuleta na wenzako wanne, lakini nitarudi na watatu."

Je, wangekwenda Kigoma? Kule hewa ni nzito zaidi, na lami haina majani ya kulowa. Wote watano wangeondoka pamoja. Lakini kutoka Kibondo hadi Kigoma ni zaidi ya kilometa 200 kwa motokaa, na kutoka Kigoma hadi Mwanza kwa ndege ni zaidi ya kilometa 400. Mgonjwa angerudishwa nyuma ili aende mbele. Kwa mama huyu, Kibondo ni bora na ndugu wawili wafuate kwa basi. Lakini wangekuwa maofisa watano wanaokwenda mkutanoni, mimi ningewaambia waende Kigoma kwa gari bila manung'uniko. Miaka hii barabara ya Kasulu na Kibondo imejengwa lami sehemu kubwa, na hesabu ya zamani imebadilika. Kasulu nako hufaa pale mvua ikiwa imeharibu Kibondo, hasa mgonjwa akiwa anatoka upande wa Kabanga au Nyarugusu.

Saa nayo ni kiwanja cha namna yake. Asubuhi hewa ni baridi na mawingu ya radi hayajakua. Jioni kuna giza, na kiwanja kisicho na taa hakitui mtu. Huku kwetu magharibi jua huchwa kama nusu saa baada ya Dar es Salaam, kwa hiyo rubani atokaye pwani hupata faida kidogo, lakini asiilalie.

Ninyi mlio karibu na kiwanja mnaweza kumsaidia rubani kabla hajafika. Apigiwe simu aambiwe ukweli: majani yanafika wapi mguuni, mvua ilinyesha lini, ng'ombe wako wapi. Motokaa ikipita kiwanjani na magurudumu yakazama, ndege nayo itazama. Ule mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti usiibiwe, maana ndio unaomwonyesha upepo. Na mtu akiambiwa apande mizani, apande na mkoba wake mkononi. Wako wanaoona haya wakataja kilo za ujana wao. Rubani haulizi ili acheke.

Tena, sheria za anga zinampa rubani neno la mwisho. Mkubwa wa ofisi hawezi kumwamuru aondoke.

Sasa hesabu ya darasa. Mama mkwe anasema, "Basi tulale, tuondoke saa 2 asubuhi." Daktari amekubali, kwa kuwa hali ya mgonjwa imetulia. Usiku haikunyesha, na upepo umekausha majani. Ndege inahitaji mita 600 kwa baridi ya asubuhi. Ongezeni mbili za kumi kwa majani makavu, kisha theluthi ya akiba. Je, mama mkwe na shangazi watapanda? Na debe la asali?